Vioo vya paa vilivyowekwa vibaya ving'olewe, visipakwe silikoni tena

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye nyumba wenzangu wa Mji Mkongwe, na pia na wanaotoa vibali vya ukarabati.

Nyumba yetu ya Kiponda ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa mbili, na katikati ina ua uliokuwa wazi hadi juu. Tulipoikarabati, ndugu zetu walioko Muscat walichanga fedha, tukakubaliana tuufunike ule ua ili mvua isiingie. Mkandarasi akatuezekea mabati na kutuwekea vioo vinne. Siku ya kukabidhiwa ilikuwa furaha tupu: mwanga unashuka mpaka chini, mama anasoma Msahafu wake bila kuwasha taa.

Masika ya kwanza tu, maji. Yalipenya pembeni mwa fremu, yakatambaa juu ya boriti na kuchomoza mita mbili mbali na kioo, ndiyo maana kwa muda mrefu tulidhani ni bomba la bafuni. Mkandarasi akaja, akapaka silikoni. Vuli maji yakarudi, akapaka tena. Mara ya tatu hakupokea simu.

Tukampata fundi mtu mzima aliyezeeka na nyumba hizi. Alipanda, akakaa huko juu karibu saa nzima, kisha akaniita: "Njoo utazame mwenyewe, mwanangu." Fremu zilikuwa zimelazwa sawa na mabati, hazikuinuliwa hata kidogo, kwa hiyo maji yote yanayoteremka paani yalikuja kusimama kwenye ukingo wa juu wa kioo. Lile bati la kukinga maji, ambalo upande wa juu linatakiwa lipite chini ya mabati ya paa, lilikuwa limewekwa juu yake. Maji yakapewa mlango. Skrubu za chuma cha kawaida zilishaliwa na hewa yetu ya chumvi. Kilichobaki kuzuia mvua ni silikoni peke yake, na bati likitanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, silikoni inaachia.

Kisha akachukua bisibisi, akaisukuma kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Iliingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Sikulala usiku ule. Ncha ya boriti imefichwa ndani ya ukuta, haionekani, na ndiyo inayobeba sakafu nzima ya juu. Kibaya zaidi, ukuta wenyewe ulikuwa umepigwa lipu ya saruji wakati wa ukarabati, na unyevu ambao chokaa ingeuachia ukauke ulibaki umefungiwa humo humo. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, ilipoanguka Desemba 25, 2020 na watu wawili kupoteza maisha, sisi wakaazi tukisikia lipu ikidondoka usiku tunaamka.

Tuliving'oa vyote vinne. Vipya vimekaa juu ya kingo zilizoinuliwa sentimita 15 kutoka kwenye bati, na mabati ya kukinga maji yameanzia chini kupanda juu, kila kipande cha juu kikikilalia cha chini yake. Skrubu ni za chuma kisichoshika kutu. Fundi aliacha pia nafasi za kupitisha hewa pembeni, maana ua ule haukuwa wa mwanga tu, ulikuwa unatoa joto la nyumba nzima. Chini ya vioo vya mwanzo tulikuwa tunaishi ndani ya tanuri. Kabla ya kulipa fedha za mwisho tulipanda na mpira wa maji, tukaanzia ukingo wa chini na kupanda taratibu, huku mtu akiwa ndani anatazama juu. Hakuna tone lililoingia. Boriti sita tulizibadilisha, na hizo ndizo zilizotumaliza mfukoni kuliko vioo vyenyewe.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ni haki milango na madirisha yetu yakaguliwe. Ombi langu ni kwamba anayetaka kutoboa paa la nyumba ya zamani atakiwe kwanza kuleta mchoro unaoonyesha kioo kitakaa vipi na maji yatapita wapi, na mkaguzi apande juu kuona, mpira wa maji ukiwa umefunguliwa, kabla kazi haijapokewa. Na wewe mwenye nyumba, fundi akija na kopo la pili la silikoni, mwambie aonyeshe kwanza fremu imekaaje.

Mtaani petu ninazijua nyumba mbili nyingine zenye vioo vilivyolazwa sawa na bati kama vyetu vya mwanzo. Wenyewe nimeshawaambia. Masika yanaanza Machi, na muda wa kupanda juu kuangalia bado upo.

Mkaazi wa Kiponda,
Mji Mkongwe, Zanzibar