Tuelezwe mita ya LUKU inavyofanya kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu mita ya LUKU, kifaa ambacho wengi wetu tunakitegemea kila siku, ilhali maarifa tuliyopewa juu yake ni machache mno.

Utaratibu wa Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo ulianza hapa nchini katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo msoma mita alikuwa akipita, anaandika tarakimu alizozikuta, na ankara ikifuata baadaye ikiwa na deni ambalo mwenye nyumba hakuwa na njia rahisi ya kulihakiki. Kisha tukawa tunapanga foleni ofisini na kwenye vituo vya mafuta kununua umeme, na leo tunanunua kwa simu hata usiku wa manane.

Kwangu mimi, faida kubwa kuliko hata wepesi huo ni kwamba mita hii imetufundisha kuhesabu. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi kwa saa moja hula uniti moja. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku humaliza uniti 9 kwa mwezi, ilhali taa ya LED ya wati 9, kwa saa hizo hizo, haifiki uniti moja na nusu. Kwa familia iliyo katika daraja la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo si ndogo, na nimefurahi kuona hata watoto wakizima taa za vyumba visivyo na mtu kwa sababu wanaziona uniti zikipungua. Hayo ni maendeleo ya kweli, na sitaki yabezwe.

Hata hivyo, yaliyotokea mwaka 2024 yalinionyesha kwamba tunajua kutumia kifaa hiki bila kujua kinavyofanya kazi. Tulitangaziwa kwamba mita zinaboreshwa, na mteja aliponunua umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20, yaani tarakimu 60 kwa jumla, ayaingize moja baada ya jingine. Maelekezo ya namna ya kuyaingiza tuliyapata. Sababu yake ndiyo iliyokosekana katika mazungumzo ya mtaani kwetu, na pengo hilo likajazwa na uvumi: wapo walioamini kwamba mita inaongezwa kasi, na wapo waliosema ni makato mapya yanaingizwa kimyakimya. Siwalaumu. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika manunuzi hayo hayo ya umeme, ambayo mwaka huo ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mpangaji aliyewahi kupata uniti pungufu bila kuelewa kwa nini ana haki ya kushtuka anapoona namba zimeongezeka.

Laiti sababu ingeelezwa kwa upana, kila mtu angeielewa, kwa maana si ngumu. Tarakimu 20 za tokeni ni ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu, ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwenye mita yako. Ndani ya ujumbe huo mna idadi ya uniti na dakika ambayo tokeni ilitolewa. Mita ya kuingiza namba kwa mkono haihitaji intaneti wala mtandao wa simu ili kuupokea. Huufungua yenyewe, ikaongeza uniti, na ikaitunza alama ya dakika ile katika kumbukumbu yake ili tokeni hiyo isitumike mara ya pili. Dakika hizo zilikuwa zikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993, kwa kufuata kiwango kilichoasisiwa Afrika Kusini na kuenea katika nchi nyingi, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo haibebi zaidi ya dakika 16,777,216, muda ambao ni karibu miaka 32. Kama daftari la duka, hesabu hiyo ilifika ukurasa wa mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Makundi mawili ya kwanza ya tarakimu yalikuja kuibadilishia mita ufunguo na kuipa mwanzo mpya wa kuhesabu, na la tatu ndilo lililobeba umeme ulionunuliwa. Bei haikuguswa, wala kasi ya mita. Wenzetu wa Kenya, Uganda na huko huko Afrika Kusini walifanya zoezi hilo hilo, wakikabiliwa na tarehe hiyo hiyo.

Aya moja kama hiyo, ikitolewa mapema, ingewatuliza watu wengi. Naamini kwamba mwananchi anayelipia kifaa na kuishi nacho anastahili kuelezwa kinavyofanya kazi, kwa Kiswahili chepesi, bila kudhaniwa kwamba mambo hayo yamemzidi kimo. Mfululizo wa tarakimu unatosha kumfanya mtu atii; hautoshi kumfanya aamini.

Kwa hiyo naiomba TANESCO iandae maelezo mafupi yenye michoro kuhusu mita, tokeni na kila makato yanayopitia humo. Nakuomba na wewe, Mhariri, uanzishe safu ya kila wiki itakayoeleza vifaa vya nyumbani kwa namna hiyo, ukianza na LUKU kisha ukaendelea na malipo ya simu, ambako watu huuliza kila siku kwa nini fedha iliyotumwa kimakosa wakati mwingine hurudi na wakati mwingine hairudi. Walimu wa fizikia na mafundi umeme wa VETA wanaweza kuiandika vizuri. Na kwa kuwa wazee na wapangaji wengi hawanunui gazeti, ningependa maelezo hayo yabandikwe pia katika ofisi za serikali za mitaa, na wenyeviti wayasome katika mikutano ya wakazi, pakiwepo fundi wa kujibu maswali.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wako,
Morogoro