Mwanafunzi aliyekwama kwenye swali aulizwe kwanza amefikia wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalotokea kila jioni katika nyumba nyingi za nchi hii, pale mtoto wa sekondari anapofungua daftari la Hisabati, Fizikia au Kemia, akakwama kwenye swali la pili au la tatu la kazi ya nyumbani, na kuanza kutafuta mtu wa kumsaidia. Nilifundisha Fizikia na Hisabati katika shule za serikali kwa miaka 31, na tangu nistaafu, siku za shule barazani kwangu hapa Korogwe hapakosi watoto watatu au wanne wenye madaftari. Sikubandika tangazo popote wala siwatozi kitu. Walianza kuja wajukuu wa jirani, nao wakawaleta wenzao.

Nimesikia wazazi, na hata baadhi ya walimu wenzangu, wakisema kwamba mtoto anayeomba msaada wa maswali ni mvivu anayetaka kufanyiwa kazi yake. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto mvivu haombi msaada. Hufunga daftari akalala, kisha hufika darasani mapema kunakili kazi ya mwenzake kabla mwalimu hajaingia. Anayeacha chakula cha jioni kikipoa, akavuka mtaa mzima na daftari kwapani kwa sababu swali limemkataa, huyo ana ile hamu ambayo sisi walimu tunahangaika kuiamsha. Kasoro ninayoiona mimi iko upande wetu sisi tunaoombwa, kwa kuwa mara nyingi tunampa mtoto jibu ilhali alichokipoteza ni njia ya kulifikia, na tukishampa jibu hatujui tena ni wapi hasa alipotelea.

Nitoe mfano. Mwezi uliopita alikuja binti wa kidato cha kwanza akiwa amewekewa alama ya kosa katika swali la densiti, yaani gramu za kitu zikigawanywa kwa ujazo wake. Swali lilikuwa hivi: silinda ya kupimia ina maji yanayofika alama ya sentimita za ujazo 50, jiwe lenye gramu 54 linatumbukizwa ndani yake, na maji yanapanda hadi alama ya 70, tafuta densiti ya jiwe hilo. Yeye alikuwa amegawanya 54 kwa 70, akapata takriban 0.77. Ndugu yake mkubwa alikuwa amekwisha kumwambia kwamba jibu sahihi ni 2.7, naye akaliandika kwa penseli pembeni, lakini hakujua limetoka wapi, na hicho ndicho kilichomleta.

Sikumwambia agawanye kwa 20. Nilimwuliza densiti ya maji ni ngapi, akajibu bila kusita kwamba ni gramu 1 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Nikamwuliza kitu chenye densiti iliyo chini ya hiyo kikitiwa majini hufanyaje, akasema huelea. Basi nikamwuliza: jiwe lako lenye 0.77 litafanyaje? Alinyamaza kitambo, akaangalia mchoro, akaangalia mawe yaliyozunguka bustani yangu, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, hili jiwe langu litaelea." Baada ya hapo sikuwa na la kumfundisha. Mwenyewe alirudi kwenye silinda, akaona kwamba 70 ni maji pamoja na jiwe, akatoa 50, akabaki na 20 ambayo ndiyo nafasi ya jiwe peke yake, akagawanya, akapata 2.7. Mazungumzo yote hayakuzidi dakika kumi, na naamini kosa hilo halitamrudia maisha yake yote, kwa sababu sasa anacho kipimo chake mwenyewe cha kulikagua jibu kabla ya kulipeleka kwa mwalimu.

Namna hiyo ya kulirudisha jibu kwenye maisha inafaa katika Hisabati pia. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliletewa lile swali la miaka mingi: umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe, na baada ya miaka 12 utakuwa mara mbili, mtoto ana miaka mingapi? Aliandika kwamba mara mbili ya mtoto baada ya miaka 12 ni 2x + 12, bila mabano, akapata kwamba mtoto ana umri wa sifuri. Nilimwuliza baba naye ana miaka mingapi, akazidisha sifuri kwa tatu, na hapo hapo akayatafuta mabano bila kuambiwa. Mtoto ana 12, baba ana 36. Tangu shule ya msingi aliimba MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), akajua kwamba mabano hutangulia. Alichokuwa hajaelezwa ni kwa nini mabano yawepo.

Sasa nije kwenye simu, maana siku hizi msaada mwingi unatafutwa huko. Mtoto hapiti na simu getini kwa shule zetu nyingi, lakini usiku huazima ya mama, akapiga picha swali na kulituma kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, ama akaliingiza kwenye programu ya akili mnemba ambayo humrudishia mistari kumi na tano ya ukokotoaji kabla hajakaa vizuri. Silaani teknolojia hii. Nimeitumia mwenyewe, na mtoto aliye mbali na mwalimu yeyote anaweza kuokolewa nayo, hasa akijua kuiambia imweleze hatua moja tu kisha imsubiri. Lakini wachache sana wanaoitumia hivyo. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilisahihisha madaftari 17 ya darasa moja yenye kosa lile lile katika mstari ule ule, kwa kuwa yote yalitoka kwenye picha moja iliyozunguka kwenye simu usiku uliotangulia. Nilipowauliza wale 17 mstari huo unasema nini, hakuna aliyeweza kunijibu. Siwezi kueleza vya kutosha jinsi jambo lile lilivyoniuma, kwa sababu miongoni mwao walikuwamo watoto wenye akili nzuri kabisa.

Liko pia suala la lugha, nalo ni zito kuliko tunavyopenda kukiri. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza Hisabati kwa Kiswahili: anajua kiasi na asili za sehemu, anatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), anatofautisha namba tasa, shufwa na witiri, anakokotoa mzingo na eneo. Januari anaingia kidato cha kwanza na vitu vyote hivyo vinabadilishiwa majina kwa mkupuo, na kazi ya nyumbani inaandikwa kwa Kiingereza ambacho nyumbani hakuna wa kumsomea. Mara nyingi sana mtoto anaponiambia kwamba hajui kufanya swali, nikimweleza kwa Kiswahili swali linataka nini, kalamu inaanza kukimbia yenyewe. Amekwama kwenye sentensi, na hesabu anaijua. Mtihani utakuja kwa Kiingereza na ni lazima aandaliwe kwa lugha hiyo, nalielewa hilo. Lakini kumzuia mwalimu, au mtoto mwenyewe, asitumie Kiswahili kulielewa swali ni kumfungia mlango wa chumba ambacho tayari anakijua. Wala tusiseme kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia, na ni wachache mno kati ya watoto wanaokuja kwangu waliowahi kuiona.

Tunapoona kila mwaka Hisabati ikishika mkia katika matokeo ya kidato cha nne yanayotangazwa na Baraza la Mitihani, tunauliza juu ya vitabu, maabara na upungufu wa walimu, na ni haki tuulize. Mwalimu mmoja mwenye darasa la watoto 80 na vipindi vya kumjaza wiki nzima hawezi kumwuliza kila mmoja amefikia wapi. Nimepita huko, nami sitamlaumu. Lakini kuna jambo moja lisilohitaji bajeti, nalo ni namna tunavyolipokea swali la mtoto. Karibu kila anayekuja kwangu kwa mara ya kwanza, baada ya kusema shikamoo, huongeza kwamba naomba usinicheke. Mtoto hazaliwi na sentensi hiyo mdomoni. Kuna mahali aliuliza akachekwa.

Hapa Tanga tunayo sababu ya pekee ya kuliogopa jambo hilo. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, huko juu Lushoto, alitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa haba, kwa hiyo aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na akaona kwamba yaliganda kabla ya ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Alimwuliza mwalimu wa Fizikia sababu, akaambiwa kwamba alichanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na jibu alilopewa likawa utani wa darasa zima: kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Hakuacha. Siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule hiyo, kijana alisimama na swali lake lile lile huku wenzake wakicheka, na mgeni yule, badala ya kumkatisha tamaa, alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha pamoja makala katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya kile kinachoitwa kwa jina la Mpemba. Mimi kila nikilikumbuka tukio hili humfikiria zaidi yule mwalimu wa kwanza, ambaye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na somo la kumaliza na kengele ya kusubiri, kama nilivyokuwa mimi mara nyingi.

Naomba basi wakuu wa shule wafikirie kutenga chumba kimoja, saa moja tu baada ya vipindi, siku mbili au tatu kwa wiki, ambapo mtoto anaweza kuja na swali la kazi ya nyumbani na kumkuta mtu: mwalimu kwa zamu, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne kwa ajili ya wadogo zao, na sisi wastaafu, ambao tuko wengi katika kila wilaya na tungefurahi kualikwa. Saa hiyo iwe ya bure na isigeuzwe kuwa tuisheni, kwa sababu mara tu fedha itakapoingia, yule aliyekwama zaidi ndiye atakayebaki nje. Kanuni yake iwe moja, kwamba hakuna anayepewa jibu kabla ya kuonyesha alichojaribu mwenyewe, hata kama ni mstari mmoja uliokosewa.

Kwa wazazi ambao hawakusoma sekondari, na ambao huniambia kwa unyonge kwamba hawawezi kumsaidia mtoto: mnaweza, nami nimeona mkifanya. Mama mmoja muuza mboga wa jirani hapa humkalisha mwanawe karibu na jiko na kumwambia amweleze swali kwa Kiswahili, kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu. Kijana akifika mahali maelezo yanapokatika, huyo mama humwambia tu, "Hapo sijakuelewa, rudia." Mara tatu kwa nne, anaporudia ndipo analiona kosa. Ufundishaji huo sikuuona ukifanywa vizuri zaidi katika miaka yangu yote 31.

Nawe, Ndugu Mhariri, nakuomba nusu ukurasa mara moja kwa wiki. Gazeti lako linafika mahali ambapo bando halifiki au haliwezekani kununuliwa, na kipande chake hukatwa kikabandikwa ukutani. Chapisheni swali moja la Hisabati au Sayansi lililotumwa na mwanafunzi, pamoja na jaribio lake lenye kosa, bila kumtaja jina, kisha mfuate njia yake kwa Kiswahili hadi mahali alipopotea. Niko tayari kuwaandalia bila malipo, na wapo walimu wenzangu watakaojiunga.

Swali la kwanza ninalo. Yule binti wa jiwe alirudi Jumatano, hakuwa na kazi yoyote ya nyumbani, akaniuliza: kama densiti ya chuma inakaribia mara nane ya densiti ya maji na msumari unazama, mbona meli aliyoiona bandarini Tanga ni ya chuma na inaelea na mizigo yake? Nimemwambia aje Jumamosi na kopo tupu la maziwa, beseni la maji na kokoto za kutosha, na aandike kwanza kwenye daftari anachodhani kitatokea.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga.