Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Lewiston na Portland, jimbo la Maine, Marekani: ukiambiwa una moxie

Wanangu, naona mnaulizana sana hili neno, supavaiza akisema una moxie, je anakusifia au anakutukana? Anakusifia bana. Anasema una roho ngumu, hutishiki ovyo, ukiangushwa unaamka na kuendelea.

Na neno lenyewe ni la huku huku kwenu. Moxie ni soda, ila ilianza kama dawa! Dokta Augustin Thompson, mzaliwa wa Union hapa Maine, alikuwa anatibu watu Lowell kule Massachusetts, akatengeneza dawa chungu ya mzizi wa mmea uitwao jentiani, na 1885 akasajili jina Moxie Nerve Food, yani chakula cha neva, akadai inatibu kupooza, kukosa usingizi, ubongo kulegea, sijui nini na nini, kama wale jamaa wanaopanda mabasi ya mikoani na dawa moja ya magonjwa arobaini. Mwaka 1906 ikaja sheria ya vyakula na dawa, madai mengi ya kutibu yakabidi yaondolewe, ila matangazo hayakulala, walikuwa mpaka na gari lenye sanamu ya farasi juu na dereva anaendesha akiwa kakaa mgongoni mwa huyo farasi. Basi kufika miaka ya 1930 watu wakawa wanasema fulani ana moxie na hawamaanishi soda tena. Dawa haikumpa mtu ujasiri wowote, tangazo ndo liliacha neno. Tangu 2005 ndo soda rasmi ya Maine, na Julai ina tamasha lake Lisbon Falls, jirani tu hapo, nendeni mkaionje lakini anzeni na kopo moja mgawane, ule uchungu unakuja ukishameza.

Sasa angalieni sana. Ukiambiwa una “some nerve” hapo hujasifiwa, umeambiwa huna haya, nyamaza kwanza ujue umekanyaga wapi. “Guts”, yani ujasiri, semeni na wenzenu haina shida. Lile la maana hiyo hiyo linalotaja sehemu za kiume, mnaloliokota kazini, msimpelekee mwalimu jamani! Moxie unaweza kulisema hata mbele ya pasta, ingawa ni neno la wazee wa rika langu.

Na nyie mabinti, mtu akikwambia una moxie eti kwa sababu tu umefungua mdomo kikaoni, sema asante, halafu muulize na ile nyongeza ya mshahara imefikia wapi.

Mzee wenu