Kwa vijana mnaochora watu hapa Kampala

Wanangu,

Jumapili niliwasikia mkilalamika kwamba mchoraji wa Uganda hafiki popote mpaka apande ndege akaone makumbusho ya London. Mimi vibao vya maduka nimeshaacha kuandika, mgongo umegoma, ila mdomo bado mzima.

Zamani nilimchora mama mmoja wa mihogo ya kukaanga, jirani na banda langu pale Kisenyi. Nilimchora kwa kichwa tu, nikiamini namjua, maana nilikula kwake kila siku. Alipoiona picha alicheka, akainua mkono wa kushoto. Makovu ya mafuta yako huku, akasema, wewe umenipa mikono ya karani. Kumbe miaka yote akigeuza mihogo kwa kushoto, na mimi macho yangu kwenye sahani! Nikarudi kukaa pale jioni tatu, bila penseli.

Mama Margaret Trowell alipoanza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937, barazani kwake, aliwasimulia wanafunzi jambo, kila mmoja akachora alichokiona kichwani. Mchoraji Sam Ntiro, Mchaga wa Tanzania, alipita katika shule ile. Ile picha yake ya 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko New York leo, lakini njia ile ni ya Uchagani kwao. Asiyewahi kufuata mtungi wa pombe gizani atakumbuka nini? Na Jak Katarikawe wa kwetu Kigezi, ambaye hakusomea uchoraji shuleni, ng'ombe wale aliowachora hakuwatoa kitabuni.

Mtaniuliza, na Michael Armitage je? Kweli, kijana wa Nairobi yule amesoma London, na Goya, yule mchoraji wa zamani wa Hispania, anamjua vizuri kuliko mimi ninavyowajua wajukuu zangu. Lakini anachora juu ya nini? Lubugo letu! Gome la mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao, lile tunalozikia wafu. Matundu yake na mishono yake haifichi, anaiingiza ndani ya picha. Na mwaka 2017, kabla ya kuchora ule mkutano wa upinzani wa Uhuru Park, Nairobi, alikwenda mwenyewe akasimama katikati ya watu. Nyinyi mko saa moja kutoka kwa wapondaji wa lubugo, na mnachora mikutano ya Kampala kutoka kwenye simu.

London siwakatazi. Mkipata nauli nendeni, mkanitazamie huyo Goya. Ila nauli ya bodaboda mnayo tayari.

Yule mama amezeeka, binti yake ndiye anayekaanga siku hizi, naye anatumia mkono wa kulia. Mkienda, nunueni kwanza ndipo mtazame. Hapendi watu wa kukodoa macho bure.

Mzee wenu wa vibao,
Kisenyi