Boti haikanyagi lami, mbona twalipia barabara?

Mhariri,

Nasoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia, lakini ile ripoti yenu ya Julai 2025 kuhusu bei ya mafuta imenikaa rohoni na leo siwezi kunyamaza. Mliandika petroli imepanda kwa shilingi 8.99 ikafika 186.31 pale Nairobi, mkahoji watu wa matatu, wa bodaboda, mkaenda mpaka kwa mama mboga. Sawa, wote wanaumia na ni haki yao waandikwe. Lakini Pwani yote hii kuanzia Shimoni mpaka Lamu hamkuona boti hata moja?

Mimi ni nahodha wa boti ya kioo hapa Watamu, zile zinazopeleka watu kuangalia samaki na matumbawe ndani ya hifadhi ya bahari. Mtu akisikia hivyo anadhani ni mambo ya Wazungu matajiri. Waitaliano wanakuja Agosti na ile miezi ya kaskazi, lakini Mei mpaka Julai kusi likivuma anayetuweka mjini ni Mkenya wa kawaida, ametoka Nairobi ama Nakuru na watoto wake, amejibana mwaka mzima. Huyo ukimwongezea mia mbili kwa kila kichwa anabadilisha mawazo, watoto wanabaki kuchezea mchanga.

Sasa sikia yaliyonipata. Tarehe 14 Julai nikaelewana bei kwa simu na familia moja, safari iwe kesho yake mchana maji yakikupwa, maana boti ya kioo maji yakiwa yamejaa huoni kitu. Saa kumi jioni nikabeba mtungi nikapanda boda mpaka kituo cha mafuta, nakuta pampu zimefungwa kamba, kijana ananiambia mafuta yameisha. Yameisha vipi na lori lilishusha juzi? Kila mtu anajua EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wanatangaza tarehe 14 ya kila mwezi na bei inaanza saa sita usiku, kwa hiyo ikinukia kupanda tu, mafuta yanaisha kuanzia mchana. Asubuhi nikarudi, kamba hakuna, petroli ile ile iliyolala pale chini jana imeamka na bei mpya. Nikanunua, nitafanyaje. Kufika ufuoni watoto washavaa laifu jaketi, yule mdogo anarukaruka kwa furaha, nikamvuta baba yao kando nikamwambia kaka, mafuta yamepanda usiku, niongezee kidogo. Akatoa simu akanionyesha ripoti yenu, akasema, "Kapteni, hapa wameandika matatu ndio watapandisha, boti sijaona, usinilalie." Mbele ya watoto wake, mbele ya msaidizi wangu! Ningewavua watoto laifu jaketi? Nikawapeleka. Kusi linasukuma, kurudi tunapanda mawimbi uso kwa uso na mashine inabugia mafuta, na jioni nilipotoa pesa ya petroli, ya oili ya kuchanganya na ya msaidizi, iliyobaki ilinunua unga na sukari basi.

Na linaloniuma zaidi mhariri, ambalo hamkuliandika kabisa, ni kwamba ndani ya kila lita kuna shilingi 25 za kukarabati barabara. Zilikuwa 18, Julai 2024 wakaongeza. Mtungi wangu wa lita 20 una shilingi 500 za barabara, na boti yangu haijakanyaga lami tangu ichongwe, haina tairi, haijachimba shimo la mtu. Hapo sijataja VAT ya mafuta, iliyotoka asilimia 8 ikaenda 16 mwaka 2023. Mvuvi wa mashine analipa hivyo hivyo, watu wa boti za abiria kule Lamu wanalipa hivyo hivyo, wote tunajenga barabara tusizopita na kazi zetu.

Halafu watu wanashangaa matumbawe yanaharibika. Zamani mgeni unampeleka kwenye matumbawe, unampitisha fungu la mchanga, unamalizia Mida kwenye mikoko. Sasa mafuta ni ghali, kila nahodha anafupisha safari, boti zote zinasongamana pale pale karibu, huyu anatupa nanga juu ya matumbawe, yule anamwagia samaki mkate ili wageni wafurahi haraka warudi. Hifadhi hii iko tangu 1968 na wazee wetu waliitunza, halafu sisi tunaimaliza kwa kuokoa lita tatu za petroli. Nawaambia wenzangu kila siku mkate wacheni, wananijibu nipe mafuta basi. Na msituambie turudi kwa tanga, maji kupwa hayamsubiri mtu wa tanga.

Dawa ninayo. Mgeni mmoja wa Marekani alinieleza kwamba kwao ushuru wa petroli inayochomwa na motaboti unawekwa kwa mfuko wa samaki na boti, hauendi kwa barabara. Na sisi tufanye hivyo. Kila boti yenye leseni ipewe kitabu, ukijaza mafuta kijana wa pampu anaandika lita na kugonga muhuri, mwisho wa mwezi zile shilingi 25 zinahesabiwa. Mimi sitaki nipewe mkononi. Ziingie akaunti moja ya boti za Watamu na zinunue maboya ya kufungia boti badala ya kutupa nanga, yale ya mnyororo mzito sio chupa za plastiki na kamba, yawekwe kwenye matumbawe ya karibu na ya mbali pia, na atakayeonekana anatupa nanga kitabu chake kisimamishwe miezi mitatu. Maboya kumi yanatosha kuanza, yawe yameshawekwa kabla ya wageni wa Desemba.

Nahodha wa boti ya kioo,
Watamu