Taa za koldirumu, tuwaige wenye meli

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme la moyoni kuhusu hizi koldirumu, yaani vyumba vya baridi vya kuhifadhia mizigo, zinazojengwa huku kwetu, Tengeru, Usa River mpaka Moshi, za maparachichi, maua, nyama na maziwa. Mtu anatoa hela ndefu kwenye kompresa, ile mashine ya kupoza, ikifika kwenye taa anamwambia fundi weka yoyote, na fundi naye anachukua ileile ya barazani.

Mimi ni fundi umeme. Kuna taa moja ya koldirumu niliifungua hapa Arusha, kava limejaa maji nusu, juu yameganda, konekta zimeota kutu ya kijani, na mwenyewe keshabadilisha balbu mpaka kachoka. Kumbe tatizo ni bomba la waya, limetoka nje kwenye joto likaingia ndani bila kuzibwa, hewa yenye unyevu inapita humo humo ikikutana na baridi inageuka maji, yanadondokea kwenye taa. Silikoni kidogo tu mdomoni mwa bomba ingemaliza kesi.

Wenye meli haya wameshayazoea. Stoo zao za nyama na samaki zinakaa nyuzi 18 chini ya sifuri, zingine chini zaidi, injini inatikisa usiku kucha, chumvi inakula chuma na huko baharini duka la vifaa vya umeme hakuna. Ndo maana wanataka taa yenye gasketi nzuri, ule mpira wa kuziba kava, glendi inayobana waya sawasawa pale unapoingia, alama ya IP66 au IP67, yaani haiingizi vumbi wala maji, na kava la polikaboneti, maana kioo kikipasukia juu ya chakula mzigo huo ni wa kutupa.

Tyubu za zamani kwenye baridi hiyo zinafifia, zinapepesa, zingine haziwaki kabisa. LED inapenda baridi, ila angalieni draiva yake, kile kifaa kinachoilisha umeme, ziko za bei chee zinazogoma kuwaka kwenye baridi kali, kwa hiyo soma kwenye boksi imeandikwa inavumilia mpaka nyuzi ngapi. Halafu kumbukeni umeme wote wa taa unaishia kuwa joto humo ndani, tyubu 4 za wati 40 ni wati 160 ambazo kompresa inabidi izitoe tena, yaani unalipia mara mbili!

Lingine ambalo huku silioni sana, kwenye meli swichi inakaa nje ya mlango ikiwa na taa ndogo ya kuonyesha kwamba ndani kunawaka, na ndani kuna kitufe cha kengele kinachoonekana hata gizani, mtu akifungiwa abonyeze. Sisi tumeweka swichi nje, basi. Mwenzio anapita anazima anaondoka zake, wewe uko ndani na kreti mkononi unapapasa ukuta. Mabosi wenye koldirumu, hiyo kengele wekeni kabla ya kuongeza hata paneli moja ya ukuta.

Fundi umeme,
Unga Limited, Arusha