Ohio si mahindi matupu

Columbus, Ohio, Marekani
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, ila mafua ya majira haya yamezunguka nyumba nzima, na leo ni zamu ya mdogo wangu wa mwisho. Nifikishie shikamoo kwa mama. Mwambie zile kanga zilifika salama na moja nimeshaitandika chini kwenye nyasi nikaikalia, anisamehe, nitakueleza nilikuwa wapi.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi nikitoka zamu ya usiku, nikacheka peke yangu mpaka abiria wa mbele akageuka. Ati umefungua ramani, umeitazama Ohio juu mpaka chini, umeona mashamba na barabara zilizonyooka kama rula, sasa unauliza: "Mimi mwalimu wa historia, hizo wiki mbili utanionyesha nini, supamaketi?" Haya. Nakujibu kwa barua, maana kwa simu utanikatiza.

Sikulaumu. Miaka mitatu ya kwanza hapa nilijua njia mbili tu, ya kazini na ya dukani. Sisi wa Bagamoyo tumezoea kitu cha kale kisimame chenyewe kikupokee: ukuta wa matumbawe, mlango wa nakshi, makaburi yenye minara kama ya Kaole. Unakumbuka ile siku tuliyopelekwa Kaole na shule, tumeshindiliwa kwenye pikapu, ukakataa kuzunguka mbuyu kwa sababu uliambiwa utaongeza miaka na wewe hutaki kuzeeka? Basi huku ukingoja ukuta ukupokee utapita mlemle ndani ya kitu cha miaka 2,000 na usikione. Kimejengwa kwa udongo, na kimeota majani.

Ndiyo maana tutaanzia Newark, mashariki ya hapa, hata saa moja kwa gari haifiki. Walioishi katika mabonde haya zamani hizo wataalamu huwaita Hopewell, nalo hilo ni jina la mwenye shamba moja lililochimbwa. Wao wenyewe walijiitaje hakuna ajuaye. Walibeba udongo kwa vikapu, wakainua kuta, na kuta zenyewe zikachora maumbo. Kuna duara kubwa lenye upana wa kama mita 365 toka upande hadi upande, na ukuta wake mahali pengine unanipita kimo mara mbili na zaidi. Handaki lake limechimbwa kwa ndani badala ya nje, kwa hiyo si boma la vita. Ukiingia pale penye mwanya mkubwa, sauti za magari zinafifia, unabaki na miti na nyasi.

Lakini kitakachokutoa macho ni kile kingine cha pembe nane, uwanja wa ekari 50 uliounganishwa na duara jingine la ekari 20. Mstari wake umeelekezwa pale mwezi unapochomoza ukiwa umesogea kaskazini kabisa, jambo linalorudi kila baada ya miaka 18 na miezi kadhaa. Somo, hebu fikiri. Mtu wa zamani aliliona hilo mara mbili, akijaliwa mara tatu, kisha anakufa. Kwa hiyo aliyepanga kuta zile alikuwa anatumia hesabu aliyoachiwa na babu yake, na mimi hapa hata tarehe ya kulipa kodi ya nyumba nakumbushwa na simu.

Na unajua palikuwa nini kwa zaidi ya miaka 100? Uwanja wa gofu. Mara ya kwanza nilipokwenda tulisimama kwenye jukwaa la mbao karibu na maegesho, tukachungulia kama watoto wanaoangalia arusi ya watu dirishani, huku wazee wa kofia nyeupe wakipita na vigari vyao juu ya kuta. Siku za mwaka ambazo mtu wa kawaida aliruhusiwa kuzunguka kote zilikuwa za kuhesabu vidole. Kesi ikafika mpaka Mahakama Kuu ya jimbo, ikaamuliwa mwaka 2022 kwamba shirika la historia la Ohio linaweza kulirudisha eneo hilo. Mwaka 2023 UNESCO ikaliingiza, pamoja na mengine saba ya watu walewale, kwenye Urithi wa Dunia. Lango likafunguliwa kwa watu wote tarehe 1 Januari 2025. Nilikwenda masika haya, nikatandika kanga ya mama katikati ya ule uwanja, nikala sambusa za Wasomali wa hapa Columbus, ambazo kwa kweli zinazipita zako. Usinune.

Ukishaona Newark, ya Chillicothe utayaelewa haraka, kwa hiyo hatutakaa sana. Huko ni vichuguu vya mazishi, zaidi ya ishirini ndani ya ukuta mmoja, kandokando ya mto Scioto. Ndani yake walikuta shaba ya Maziwa Makuu ya huku, kombe za bahari ya Ghuba ya Meksiko, na mawe meusi kama kioo yaliyotoka Yellowstone, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000 bila farasi wala gurudumu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, jeshi likajenga kambi juu yake, vichuguu vingi vikasawazishwa ili mabweni yakae vizuri. Unavyoviona leo vingi vimeinuliwa upya. Mwongozo anakwambia bila kuzungukazunguka, nikampenda kwa hilo.

Yule nyoka wa kaunti ya Adams ni lazima. Ni tuta la udongo lenye umbo la nyoka, mita 411 toka mkia uliojiviringa mpaka kinywa kilichoachama kama anataka kumeza yai. Ukiwa chini huoni nyoka, unaona tuta tu linalopinda. Unapanda mnara wa chuma uliowekwa hapo zaidi ya miaka 100 iliyopita, unaotetemeka kidogo upepo ukija, ndipo anajikunjua mbele yako. Ni wa lini, wataalamu bado wanakabana koo: wengine wanasema kabla ya Kristo, wengine wanasema kama miaka 900 tu. Mimi siku ile sikuwa na nguvu ya kubishana. Simu ilipoteza mtandao kwenye vilima, nikapotea mara mbili, taa ya mafuta ikawaka, nikaishia kwenye ua wa mkulima mmoja mzee. Aliniuzia mahindi ya kuchemsha sita, akanichorea njia nyuma ya bahasha. Bahasha ninayo mpaka leo, ndiyo tutakayotumia.

Sasa nikupeleke kule nilikokuwa nakutaka tangu mwanzo wa barua.

Ripley ni kimji kidogo kusini kabisa, ukingoni mwa mto Ohio, mwendo wa saa mbili na kitu. Ng'ambo ni Kentucky. Katiba ya Ohio ilipiga marufuku utumwa tangu jimbo linaundwa, mwaka 1803, na Kentucky ikaendelea nao, kwa hiyo mto wenyewe ndio ulikuwa mpaka. Leo ni mpana kwa sababu ya mabwawa. Enzi zile ulikuwa mwembamba zaidi, na baridi ikikaza unaganda. Februari 1838 mwanamke mmoja alivuka juu ya barafu iliyokuwa inakatika, na mtoto mchanga kifuani. Alikuwa anaelekea kwenye nyumba iliyo juu ya kilima.

Nyumba hiyo ipo. Ni ya matofali, ndogo kuliko unavyodhani. Ilikuwa ya mchungaji John Rankin aliyehamia Ripley mwaka 1822; yeye na mkewe Jean walijaliwa watoto 13. Husimuliwa kwamba usiku waliweka taa dirishani ionekane ng'ambo, na inakadiriwa kwamba watu kama 2,000 walipitia hapo wakielekea kaskazini. Hawakuweza kutulia Ohio hivihivi, kwa sababu bwana alikuwa na haki ya kisheria ya kuja kumchukua mtu wake, na sheria ya mwaka 1850 ikazidi kukaza. Ilibidi waende mpaka Kanada.

Utapenda jambo moja wewe mwenye kuandika barua ndefu kuliko mimi. Ndugu yake Rankin, Thomas, aliyekuwa Virginia, alinunua watumwa. John alipopata habari hakumsusia. Alimwandikia barua, moja baada ya nyingine, akizichapisha kwenye gazeti la Ripley mwaka 1824, kila mtu asome ndugu mtu akisemwa. Thomas baadaye aliwaacha huru. Nikawaza ingekuwa kaka yangu, angenizuia kwenye simu siku ya kwanza.

Chini, barabara ya mtoni, kuna nyumba ya John Parker. Huyu ndiye wa kumwambia darasa lako. Alizaliwa mtumwa Norfolk, Virginia, mwaka 1827. Akiwa na miaka minane akauzwa, akatembezwa kwa mnyororo, akafikia Mobile, Alabama. Huko akajifunza kusubu chuma, na mwaka 1845 akajikomboa kwa dola 1,800, alizokuwa akilipa kidogokidogo kutokana na kazi ya mikono yake. Akaja Ripley, akafungua karakana yake mwenyewe, akasajili uvumbuzi wa mashine kwa jina lake. Huo ulikuwa mchana wake. Usiku alichukua mashua, akavuka kurudi Kentucky, kule kwenye watu waliotangaza dola 1,000 kwa atakayemkamata.

Ng'ambo kulikuwa na mume na mke waliotaka kutoroka. Bwana wao alishuku, akawa kila usiku anamchukua kichanga wao, anamlaza miguuni mwa kitanda chake mwenyewe, mshumaa unawaka, na bastola kwenye kiti. Parker akavua viatu. Akaingia chumbani, bwana na bibi wamelala, akatambaa mpaka kitandani, akamnyanyua mtoto. Kukatokea purukushani, mshumaa ukazimika, risasi zikafuata gizani. Walivuka wote wanne.

Tuliyasikia hayo tukiwa tumesimama barazani kwake, mto uko pale mbele, mwendo wa kutupa jiwe ukiwa na mkono mzuri. Nikakumbuka kwetu. Bibi yangu alikuwa hapendi tuchezee ile njia ya kushukia forodhani usiku, na hakusema kwa nini. Kwetu misafara ilikuja mpaka kwenye maji, na kufika majini ndiyo ilikuwa habari mbaya. Hapa mtu alikuwa anajificha kwenye kichaka siku mbili, anaomba Mungu ayafikie maji. Nilitaka kumweleza mwongozo, Kiingereza kikaniishia mdomoni, nikanyamaza. Ndiyo maana nakutaka wewe. Kwako sitahitaji kueleza.

Cincinnati tutapita kama tuna muda. Kuna jumba la makumbusho ukingoni mwa mto lenye banda la magogo walimofungia watu kabla ya kuwauza, lilihamishwa kutoka Kentucky, pete za chuma ziko juu kwenye boriti. Unaingia ndani yake. Sitakulazimisha.

Dayton ni siku ya kupumua. Utaona duka la baiskeli la akina Wright, wale ndugu wawili wa ndege, Wilbur na Orville, na malisho ya ng'ombe ya Huffman, walikojifunza kuikunja kona ndege yao. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alizunguka angani dakika 39 mpaka mafuta yakamwishia. Wageni wote wanakwenda huko. Mimi nitakuvuta kwa Paul Laurence Dunbar, mshairi, aliyesoma na Orville darasa moja, mweusi peke yake. Alipomaliza shule kazi aliyopata ni ya kuendesha lifti, na kitabu chake cha kwanza alikiuza kwa dola moja kwa abiria wa lifti hiyohiyo. Mwaka 1904 akamnunulia nyumba mama yake, Matilda, aliyekuwa mtumwa Kentucky ujanani. Miaka miwili baadaye kifua kikuu kikamwondoa, ana miaka 33. Mama akabaki na ile nyumba mpaka 1934, akitunza chumba cha mwanawe. Meza ipo, vitabu vipo. Nilitoka nje kabla ya wenzangu.

Ya safari sasa. Njoo na viatu vya raba, achana na vile vya kisigino. Nyasi ndefu zina kupe, kwa hiyo soksi ndefu. Nyumba za Ripley hazifunguliwi kila siku wala kila msimu, nitapiga simu kabla, na tutaondoka saa 12 asubuhi, sitaki habari za "najipaka wanja". Niletee ubuyu wa Zanzibar na kanga mbili za maneno makali, kuna mtu kazini nataka ayasome bila kuelewa.

Nimesahau ngazi. Kutoka mji wa Ripley mpaka nyumba ya Rankin kuna ngazi ya kupanda kilima, imejengwa upya pale walipokuwa wakipandia, na wanaiita ngazi 100 za kwenda kwenye uhuru. Nilianza kuhesabu, nikafika hamsini na kitu, pumzi ikakata, nikakaa. Binti yangu alipita mbio, akafika juu, akapiga kelele kwamba hazitimii mia. Mwanangu mkubwa akasema zinazidi. Wamebishana mpaka nyumbani. Utahesabu wewe, mwalimu.

Wako,
Somo